Filimbi ya Gadi

Siku treni ya kale ilipotolewa karakana, stesheni ilifurika watu kama vile wameitwa kugawiwa viwanja. Akina baba walikuja na watoto mabegani, wazee wamevaa suti zinazonukia sanduku, vijana wameinua simu juu utadhani wanaomba mvua. Mbele yao kichwa cha treni, cheusi tititi, chenye mkanda mwekundu tumboni, kilikuwa kinahema kama fahali aliyekimbizwa. Kilikuwa kimelala bandani miaka mingi, kuku wakitaga ndani ya tanuri lake, na sasa kimefufuliwa ili kiwe kinawatembeza watu mwisho wa wiki, kwenda mlimani na kurudi, kwa raha tu.

Katikati ya umati huo alikuwapo fundi wa mapazia. Yeye ndiye aliyeshona mapazia yote ya daraja la kwanza, yale ya kitambaa kizito cha rangi ya zabibu, pamoja na vitambaa vya viti. Alikuja kuona kazi yake ikipigwa picha. Alikuwa amevaa gauni jeupe lenye maua ya kijani, amelishona mwenyewe, limemkaa kiunoni kama limeyeyushwa likamwagwa humo. Kumbe mtu mwenye akili haendi kwenye treni ya mvuke na gauni jeupe. Alipokuwa anapita karibu na kichwa cha treni, dude lile likakohoa, na kohozi lake likawa maji meusi ya masizi yaliyoruka juu na kumshukia yeye, kuanzia bega hadi pindo.

Watu wa karibu walicheka kisha wakanyamaza walipomwona sura. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi ya injini, akasimama.

"Nani amenitemea?"

Akashuka mwanamume mrefu, ovaroli lake halijulikani lilianza na rangi gani, uso umejaa masizi hata kilichoonekana ni macho na meno. Alikuwa fundi wa boila, naye ndiye aliyechochea moto siku hiyo.

"Bibi huyu," akasema, akiupapasa ubavu wa injini. "Umri umekwenda, kikohozi hakizuiliki. Naomba umsamehe."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mjukuu. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Basi mwambie bibi yako kwamba gauni hili nimelishona kwa mikono yangu."

"Amesikia. Anasema ushone lingine jeusi, tufanane."

Alitaka kukasirika, hasira ikamteleza. Kilichomteka si maneno. Wenzake waliangua kicheko juu ya injini, na kijana yule hakuwageukia hata kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho yamemtulia fundi wa mapazia mdomoni, anamfuata neno kwa neno kana kwamba kila analosema ni habari njema. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza hivyo. Walipoachana alikuwa na namba yake kwenye simu, na kabla ya jua kuzama alishampa jina: Masizi. Naye Masizi alimwita Pazia, na mpaka mwisho hakumwita vingine.

Penzi likashika kama moto wa makaa, kwa kuchelewa kidogo na kisha kwa nguvu. Jumamosi treni ilivutwa na injini ya mvuke, Jumapili ilivutwa na ile ya dizeli, kongwe nayo, ya manjano na buluu, yenye sauti ya kusaga mawe. Pazia akawa hakosi. Kisingizio chake kilikuwa kwamba mapazia ya kitambaa kizito yanahitaji kuangaliwa. Gadi wa treni, mzee mwenye masharubu meupe na filimbi ya fedha kifuani, alimpokea kila mara mlangoni pa behewa kwa swali lile lile: mapazia haya yana maradhi gani, binti yangu, hata daktari wake haishi kuja?

Abiria walikuwa wa kila namna. Walikuwapo mababu waliotaka kuwaonyesha wajukuu namna walivyosafiri zamani, maharusi waliokuja kupiga picha, na watu wa mbali wenye kamera kubwa waliojua jina la kila nati. Treni ilipita nyuma ya nyumba za watu, nguo zikianikwa, wanawake wakiziokoa mbio kabla ya masizi kutua. Kisha ikaingia kwenye mashamba, kisha ikaanza kupanda, pole pole, ikigugumia, mpaka kituo cha mlimani palipokuwa na baridi na chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati.

Siku moja Masizi alimpandisha Pazia kwenye injini. Akamfunga kitambaa kichwani, akampa koleo, akamwonyesha namna ya kurusha makaa yatawanyike badala ya kurundikana. Joto la tanuri lilimpiga usoni kama kofi. Dereva, mzee wa makamo aliyekuwa anakaribia kustaafu, alisema jambo kwa mkono, Masizi akajibu kwa mkono, na hakuna aliyejisumbua kutamka, maana ndani ya kelele ile hata mtume asingesikika. Pale juu Masizi alikuwa mfalme. Aliijua pumzi ya injini kwa nyayo zake, akiweka kiganja kwenye bomba anajua boila linataka nini. Pazia alimtazama akafikiri, mwanamume huyu hapungukiwi na kitu.

Jioni zikawa za simu.

"Umekula?" Masizi angeuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nakusubiri unipikie."

"Utasubiri sana. Mimi ni fundi wa mapazia, sufuria zina fundi wake."

"Basi nitakula pazia."

Halafu, taratibu, simu zikaanza kuharibika. Masizi alikuwa anauliza unasemaje, unasemaje, kisha anacheka pasipo kicheko. Mara mtandao mbovu, mara simu imeanguka ndani ya maji. Mwishowe akamwomba awe anamwandikia tu. Maneno yako, alimwambia, nataka niyaone niyarudie. Pazia alilipokea hilo kama pipi. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa na kuachika na kuolewa tena, hakulipokea hivyo. Alisema mwanamume anayekimbia simu ana simu nyingine.

Siku mama yao alipoanguka, ilikuwa mchana, anachambua mchele barazani. Walimkimbiza hospitali. Pazia akasimama kwenye korido iliyojaa watu, machela zinapita, nesi anaita majina, akampigia Masizi. Safari hii hakuandika. Kuna mambo hayaandikiki.

"Mama ameanguka," alisema. "Wamemwingiza kwa wagonjwa mahututi. Njoo, tafadhali. Njoo sasa hivi."

 Kisha sauti ya Masizi ikaja, changamfu, ya mtu mwenye haraka.

"Vizuri mpenzi. Nisalimie wote. Msicheze sana mkachoka."

Simu ikakatika. Pazia akaitazama kama anavyotazamwa nyoka aliyetoka mfukoni. Binamu yake alikuwa na sherehe wiki hiyo, na alishamtajia Masizi, lakini wakati ule wala halikumjia. Alichosikia ni mwanamume anamwambia asicheze sana, na mama yake yuko nyuma ya mlango wa vioo. Walimruhusu aingie mara moja, na mama hakufika magharibi.

Pazia aliifunga simu yake. Walimzika mama, na kilio kikakaa siku zake. Masizi alikuja habari zilipomfikia kupitia kwa gadi, amevaa shati jeupe, kucha amezisugua hadi nyama. Dada mkubwa alimsimamisha mlangoni. Alimwuliza kama ndiyo kwanza amesikia leo. Masizi alimwangalia midomo, akasema samahani, akasimama kidogo kama anayetafuta neno la pili, halikuja, akageuka akaondoka. Dada alipomsimulia Pazia, alisema hata kujitetea hakujitetea. Mtu wa hivyo, mdogo wangu, mshukuru Mungu ameondoka mwenyewe.

Miezi ikapita. Pazia alishona mapazia ya watu, akapungua, akanyamaza. Kisha meneja wa safari akamwita: vitambaa vya viti vimechanika, aje apime upya. Mabehewa yalikuwa ndani ya karakana. Alikwenda saa ya mapumziko akijua mafundi watakuwa wametoka kula. Walikuwa wametoka kweli, isipokuwa mmoja. Masizi alikuwa amepiga magoti mbele ya injini, mgongo kwake, anakwangua kutu. Karakana ilikuwa kimya hata njiwa walisikika darini.

Angeweza kupita. Lakini maneno alikuwa ameyalaza kifuani muda mrefu, na yalipomwona mwenye deni yakainuka yenyewe.

"Mama alikufa akiniuliza yuko wapi yule kijana wa treni," alisema. "Nikamwambia yuko njiani."

Masizi aliendelea kukwangua.

"Ungekuwa na mwanamke mwingine ningekuelewa. Ungekuwa mlevi ningekuelewa. Lakini mtu nakwambia mama yangu anakufa, unaniambia nisicheze sana?"

Masizi alikuwa anaimba puani, wimbo usio na sauti inayopanda wala kushuka.

"Na bado nakupenda, mshenzi wewe. Hilo ndilo linaloniua."

Hakugeuka. Aliendelea kuimba, akanyoosha mkono nyuma kutafuta spana, na hapo ndipo alipoona viatu vya mwanamke sakafuni. Akaruka akasimama. Uso wake ukafunguka wote kwa furaha, kisha ukajikunja kwa hofu.

"Pazia. Umefika sasa hivi?"

  Pazia akainua ncha ya mtandio wake, akaufunika mdomo kana kwamba anazuia vumbi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nakuuliza kama uliwahi kunipenda."

Masizi aliutazama mtandio. Akatabasamu kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ndiyo," alisema. "Joto limezidi leo."

Pazia akaushusha mtandio, akakaa juu ya tairi la chuma, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani.

Masizi alimweleza siku hiyo hiyo, wamekaa pale pale, Pazia ameelekeza uso kwake. Tangu ujana wake alifanya kazi ndani ya maboila, mtu ndani na mwenzake nje, nyundo zikigonga misumari ya ribiti, na hakuna aliyemwambia azibe masikio. Usikivu ulianza kumtoka kama maji kwenye mtungi uliopasuka, hujui yametoka saa ngapi, unajua tu mtungi ni mwepesi. Alikwenda kwa daktari kwa siri. Akaambiwa mishipa imekufa, na vifaa vya kuvaa masikioni vitamletea kelele tu bila maneno. Kila mwaka kazini walipimwa, na kila mwaka alipita, kwa sababu nesi alikaa mbele ya kabati la vioo na yeye aliona humo kidole chake kikibonyeza kitufe cha mlio.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akijaribu kucheka. "Mimi langu hata methali halisikii tena."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukumwambia dada pale mlangoni?"

"Niliona afadhali anione mbaya. Mbaya bado ni mwanamume. Kiziwi ni mzigo wa watu."

Walikwenda makaburini pamoja. Masizi aliongea na mama peke yake kwa muda, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, na watu wa kaburi la jirani wakageuka. Pazia hakumnyamazisha.

Mapenzi ya mara ya pili yalikuwa na adabu zake. Pazia alijifunza kumgusa bega kabla ya kusema, kukaa upande wenye mwanga, kutoongea huku ana pini mdomoni, jambo gumu kwa fundi. Alimwomba aache injini, afanye kazi za karakana tu, na Masizi aliahidi kuacha msimu ukiisha. Ila wakati huo huo dereva wa makamo alistaafu, na Masizi akapewa injini ya dizeli aiendeshe. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu siku alipoingia karakana kufagia. Alivaa shati jipya la buluu lenye vifungo vya shaba, akaja kujionyesha dukani kwa Pazia akizunguka kama bi harusi. Nani angekuwa na moyo wa kumvua?

"Na filimbi?" Pazia aliuliza. "Gadi akipuliza?"

"Gadi ana bendera. Naiona kwenye kioo, kijani ni kijani. Filimbi ni ya abiria, wakae vizuri."

Pazia alitaka kuamini, akaamini. Jumapili moja, kwenye kituo cha mlimani, ukungu ukitambaa juu ya majani, Masizi alimshika mkono mbele ya wanywa chai wote. Alisema mapazia wanayo, viti wanavyo, imebaki nyumba tu ya kuvitia, je, yuko tayari? Pazia alijibu ndiyo, polepole, akiifungua midomo vizuri ili isije ikapotea herufi. Hata gadi alipiga makofi. Kwa wiki chache mwanamke yule alitembea kama aliyepakwa mafuta.

La kuvunda halina ubani. Jumapili ile nyingine abiria walikuwa wengi, wamepiga picha wamechelewa kurudi mabehewani. Gadi alitazama kulia na kushoto, akapeperusha kijani. Masizi aliiona, akageuza uso mbele, akafungua nguvu. Hapo hapo akatoka bibi mmoja chooni, amebeba mkoba na kikombe chake cha bati, anakimbia na kucheka, wajukuu zake wanamwita mlangoni. Akaweka mguu kwenye ngazi ya behewa na ngazi ilikuwa imeshaanza kwenda. Akateleza.

Gadi alipuliza filimbi. Pazia alikuwa dirishani, na maisha yake yote yaliyofuata alikuwa tayari kuapa kwamba gadi alipuliza pale pale, filimbi ndefu kali ya kusimamisha damu, akapuliza tena na tena huku anakimbia. Watu walipiga kelele. Treni iliendelea kwenda. Pazia aliruka, akaning'inia kwenye mnyororo wa dharura kwa uzito wake wote, na mabehewa yakagongana yakasimama.

Bibi alikuwa hai. Mguu haukupona, walimkata chini ya goti.

Katika mahojiano, Masizi alisema hakusikia filimbi. Hilo lilikuwa kweli. Wakubwa, waliojua kwamba amepimwa masikio na kupita, walilipima neno lake na neno la mzee mwenye masharubu meupe, wakaona mzee amechoka, amechelewa kupuliza, labda hakupuliza kabisa mpaka ajali imekwisha. Abiria wenyewe, kwa hofu, kila mmoja alisimulia lake. Gadi akavuliwa filimbi na kuambiwa angoje barua nyumbani. Alipokutana na Pazia nje ya ofisi hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba tangu jana anajiuliza kama kweli alipuliza, maana watu wengi wakikwambia hukufanya, na wewe unaanza kusahau.

Pazia alikwenda chumbani kwa Masizi. Alikuwa amekaa kitandani na shati la vifungo vya shaba, hajalivua.

"Gadi alipuliza," Pazia alisema.

"Najua."

"Kwa hiyo waambie."

Masizi alitikisa kichwa. Alisema bibi ameshakatwa mguu, kusema hakutaurudisha. Alisema gadi alibakiza muda mfupi astaafu, atapumzika. Alisema hayo yote akitazama sakafu, ili asione atakachojibiwa, na Pazia akalazimika kumshika kidevu na kuuinua uso wake.

"Mzee yule anaanza kuamini ni yeye."

"Nikisema, mimi ni nani, Pazia? Niambie. Nikitoka kwenye injini mimi ni nani?"

"Ni mume wangu."

Macho yake yalijaa maji. Lakini hakusema atakwenda, wala hakusema hatakwenda. Pazia alimngoja. Alimngoja kesho yake na keshokutwa yake, akipitisha cherehani juu ya kitambaa kile kile. Dada mkubwa alimwuliza anaumwa nini, akasema kichwa. Alijua kwamba akinyamaza atapata mume na hataweza kumtazama, na akisema atakosa. Mwishowe alivaa viatu, akaenda kwa meneja wa safari, akamweleza yote: masikio, daktari, kabati la vioo, na kwamba yeye mwenyewe alijua na alinyamaza. Meneja alimwuliza kama ana hakika. Akasema mpimeni mkiwa nyuma yake.

Walimpima wakiwa nyuma yake. Masizi akavuliwa injini, na karakana pia ikamfungia mlango, kwa kuwa alidanganya. Gadi alirudishiwa filimbi yake, akaivaa wiki moja kisha akaomba kustaafu mwenyewe. Pazia alipata ujumbe mmoja tu kwenye simu. Masizi aliandika kwamba amesikia gadi amerudishwa, ni vizuri, na kwamba yeye anahamia kwa dada yake, mji mdogo wa njia kuu, kutengeneza pampu za maji. Hapakuwa na mpenzi wala Pazia ndani yake.

Pazia alimwandikia, hakujibiwa. Akaandika tena. Msimu ulipogeuka alipanda basi akaenda bila kualikwa.

Dada yake Masizi alimpokea kwa heshima, akamwita wifi kwa mazoea kisha akajikosoa kwa kunyamaza. Nyumba ilikuwa kando ya barabara kubwa ya malori. Masizi alikuwa uani, pampu imefumuliwa mbele yake, amekonda, ndevu zimemtoka. Alipomwona alinawa mikono kwa uangalifu mrefu, akamletea kiti, akamketisha penye mwanga.

Waliongea ya pampu, ya dada mkubwa, ya bibi ambaye sasa anatembelea magongo na ameanza tena kucheka. Kisha Pazia alisema kilichomleta. Alisema yuko tayari kuhama, mapazia yanashonwa popote.

Masizi aliokota nati ya pampu, akaisugua na kuisugua, hata Pazia akadhani hakuona.

"Ulifanya sawa," alisema hatimaye. "Nakwambia hivyo ili usije ukaishi unajiuliza. Ningeoza na lile jambo."

"Basi kama nilifanya sawa, nikae."

"Sikia. Mimi masikio yangu ni midomo yako. Ili nijue unasema nini, lazima nikutazame hapo. Na kila nikikutazama hapo, naiona inamwambia meneja." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Nilidhani itapita. Leo umeingia pale mlangoni, umesema hujambo, nikaiona."

"Itapita, mpenzi."

"Labda. Lakini huwezi kukaa na mtu anayekutazama hivyo, ukingojea."

Pazia alisema anaweza. Masizi alitikisa kichwa, si kwa ukali, kama fundi anayemwonyesha mteja kwamba ufa umefika ndani. Dada mtu alileta chai, wakainywa yote, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya baada yake.

Basi la kurudi lilipita alasiri. Masizi alisema atamsindikiza. Walitoka, wakashika ukingo wa ile barabara, na Masizi, kama mwanamume yeyote aliyelelewa vizuri, akakaa upande wa magari. Malori yalikuja kutoka nyuma yakinguruma, yakipuliza honi, na yeye alitembea kana kwamba yuko peke yake uwanjani. Kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kutazama nyuma. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho, na Pazia akaelewa kwamba ndivyo anavyokwenda dukani, ndivyo anavyokwenda kila mahali.

Lori moja lilipita karibu mno hata upepo wake ukawayumbisha. Pazia akamshika mkono, akamvuta akamweka upande wa majani, yeye akakaa upande wa magari. Masizi hakubisha. Walitembea hivyo, mkono ndani ya mkono, na shingo yake ikatulia, haikugeuka tena mpaka kituoni.

Basi likaja. Waliagana kwa kushikana mikono kama watu wa ofisi moja. Pazia akapata kiti cha dirishani upande wa nyuma, na basi lilipoondoka akamwona anarudi nyumbani peke yake ukingoni mwa lami, anatembea, anageuka kutazama nyuma, anatembea, anageuka, mpaka kona ikamchukua.